Vimelea vya Malaria na Programu za Kuvipanga: Mfano wa Karatasi Moja ya Mpanda

Maelezo haya yametokana na ombi dogo. Watafiti fulani wa malaria, waliokuwa wakijiandaa kwenda Mpanda, waliniletea karatasi moja wakanitaka niwanyoshee Kiswahili chake. Karatasi hiyo ilikusudiwa kusomwa mbele ya watu watakaoombwa kutoa tone la damu ya kidole, wapate kufahamu damu yao yaenda kufanyiwa nini na kwa nini. Ilikuwa imekwisha kutafsiriwa kutoka Kiingereza, na kwa mtazamo wa kwanza sarufi yake haikuwa na kosa kubwa. Nilidhani kazi ni ya jioni moja. Ikachukua muda mrefu zaidi, maana nilitambua upesi ya kuwa sikuwa nikijua sentensi zenyewe zasema nini. Zilieleza matokeo ya programu za kompyuta zinazochambua tofauti za jeni katika vimelea, nami nilikuwa sijapata kuziona programu hizo wala kusoma habari zake.

Ikanilazimu kujifunza. Niliyojifunza nayaandika hapa kwa ajili ya wenzangu wa lugha, kwa kuwa niliona sehemu kubwa ya kazi ya programu hizi ni ile ile tuifanyayo sisi tunapolinganisha lahaja au nakala za hati za kale. Na pale zinapoachana na kazi yetu ndipo tafsiri ile ilipopotoka. Upotovu wenyewe haukuwa wa msamiati. Ulikuwa katika vitenzi, na ungeweza kuwaumiza watu.

Kwanza yafaa msomaji apakumbuke mahali penyewe. Mkoa wa Katavi ulitengwa na mkoa wa Rukwa mwaka 2012, na makao yake makuu ni Mpanda, mji ulio mwisho wa tawi la reli litokalo Kaliua. Tawi hilo lilijengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi. Wenyeji wa zamani wa nchi hiyo ni Wabende, Wakonongo, Wapimbwe, Warungwa na wengineo. Wamefuatwa na Wafipa, na Wasukuma pamoja na ng'ombe wao, na wavuvi wa Ziwa Tanganyika, na wachimba dhahabu kutoka pande zote. Tena tangu mwaka 1972 walifika wakimbizi wa Burundi, wakapewa makazi Katumba, na baadaye Mishamo. Wengi wao waliitikia wito wa serikali wa kuomba uraia wa Tanzania baada ya mwaka 2007. Zaidi ya 160,000, wakiwamo wale wa Ulyankulu mkoani Tabora, walikubaliwa, na mwaka 2014 wakaanza kukabidhiwa vyeti vyao. Watu hao leo ni raia, na watoto na wajukuu wao hawajui kwao kwingine. Habari hii nimeitaja mapema kwa kuwa itahitajiwa mbele.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Kimelea kiuacho watu zaidi katika Afrika, Plasmodium falciparum, kina kromosomu 14, na ndani yake mna maandishi ya vinasaba yenye urefu wa herufi karibu milioni 23, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu, ambazo wataalamu huzitaja kwa A, C, G na T. Maandishi hayo yana jeni zaidi ya 5,000. Mwaka 2002 yalichapishwa kwa ukamilifu wake mara ya kwanza, na nakala iliyosomwa ilitokana na kimelea kiitwacho 3D7. Hicho nacho kilizalishwa kutokana na kimelea kingine kilichopatikana katika damu ya mgonjwa aliyekuwa akikaa karibu na uwanja wa ndege wa Amsterdam, nchini Uholanzi. Hiyo ndiyo nakala ya marejeo. Kila kimelea kinachosomwa Mpanda, Karagwe au Kigoma hulinganishwa nayo, na herufi isiyolingana nayo huandikwa kuwa ni tofauti.

Mwanafunzi wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa sana jambo hili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo tumezoea kusema ya kuwa Kimvita kina *mato* mahali pa *macho*, *ndaa* mahali pa *njaa*, *teka* mahali pa *cheka*. Lakini hakuna asemaye kwa akili timamu ya kuwa *mato* ni *macho* yaliyoharibika. Kiunguja ni kipimo kilichochaguliwa kwa sababu za haja, si mama wa lahaja nyingine. Vivyo hivyo 3D7. Herufi ya kimelea cha Mpanda ikitofautiana na ya 3D7 haimaanishi ya kuwa kimelea cha Mpanda ndicho kilichobadilika. Yawezekana ni 3D7 iliyobadilika, au zote mbili. Hata hivyo, katika Kiingereza cha wataalamu neno la kutaja badiliko hutumika kwa kila tofauti, na mfasiri wetu aliliandika kila mahali kuwa ni *kasoro*. Neno hilo nililiondoa siku ya kwanza, nami nilijiona nimefanya kazi kubwa.

Damu hukusanywa kwa kudondosha tone juu ya karatasi ya kuchujia, likaachwa likauke, karatasi ikatiwa katika mfuko na kusafirishwa. Maabara husoma sehemu zilizochaguliwa za maandishi yale, kisha huandika jedwali. Kila mstari ni mgonjwa mmoja, kila safu ni mahali pamoja katika maandishi, na katika kila kichumba pameandikwa herufi iliyoonekana. Mtu aliyepata kujaza orodha za maneno mia kwa ajili ya kulinganisha lugha za Kibantu atalitambua jedwali hilo mara moja. Programu zote nitakazozitaja huanza hapo, wala hazijui kitu kingine chochote. Hazijui mgonjwa ni nani, alisafiri lini, wala alizaliwa wapi, isipokuwa mtafiti azipe habari hiyo.

Hatua ya kwanza ambayo mwanaisimu angeifikiria ni kuhesabu tofauti kati ya kila mstari na mstari, kisha kuchora mti: walio na tofauti chache wakae tawi moja. Mti wa namna hiyo wafaa sana kwa vijidudu vinavyozaa kwa kujigawa tu, kama bakteria ya kipindupindu kwa sehemu kubwa ya jeni zake. Kwa kimelea cha malaria haufai sana, na sababu yake imo ndani ya mbu. Mbu anapofyonza damu, vimelea vya kiume na vya kike hukutana tumboni mwake na kuungana, na maandishi ya wazazi wawili hukatwa na kuchanganywa. Mtoto hupata kurasa nyingine kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Hebu msomaji afikiri hati ya utenzi ambayo mnakili wake aliinakili beti kumi kutoka nakala ya Lamu, ishirini kutoka nakala ya Pate, kisha akarudi tena kwenye ya Lamu. Na nakala yake ikanakiliwa na mwingine kwa mtindo huo huo, miaka hata miaka. Kuuliza hati hiyo ni tawi la nakala gani ni kuuliza swali lisilo na jibu moja. Kila ubeti una nasaba yake.

Tena lipo tatizo jingine, ambalo kwetu halina mfano wa karibu. Mahali penye mbu wengi, mtu mmoja huweza kuwa na vimelea vya aina mbili, tatu, au zaidi kwa wakati mmoja, na tone moja la damu huvibeba vyote pamoja. Ni kama kwamba mtafiti wa lahaja ametega kinasa sauti sokoni Mpanda, watu watatu wakasema kwa pamoja, kisha akapewa orodha ya maneno yaliyosikika bila kuambiwa lipi lilisemwa na nani. Ameandikiwa *macho* na *mato*, *njaa* na *ndaa*. Je, aliyesema *mato* ndiye aliyesema *ndaa*?

Programu iitwayo THE REAL McCOIL, iliyotolewa mwaka 2017 (jina lake ni mchezo wa maneno ya Kiingereza, ambao sitajaribu kuutafsiri), hujibu sehemu ya kwanza tu ya swali hili: ni sauti ngapi zilizomo. Hutazama ni mahali pangapi palipoonekana herufi mbili katika damu ya mtu mmoja, ikalinganisha na jinsi kila herufi ilivyo ya kawaida katika nchi hiyo, na kutokana na hayo hukadiria idadi. Programu nyingine, DEploid, ya mwaka 2018, huenda mbele zaidi na kujaribu kuzitenga sauti zenyewe. Hutegemea ya kuwa sauti hazina nguvu sawa. Ikiwa kila mahali penye herufi mbili, moja husikika mara saba katika kumi na nyingine mara tatu, basi zile za mara saba zaelekea kuwa za kimelea kimoja, na zile za mara tatu za kingine. Huongozwa pia na mkusanyo wa maandishi ya vimelea yaliyojulikana kwingineko, kama sikio la mtu aliyezoea lahaja linavyomsaidia kujua neno gani huandamana na lipi. Lakini sauti mbili zikiwa na nguvu sawasawa, sikio hilo hushindwa, na watungaji wa programu wenyewe hawakulificha jambo hili. Huyo mtaalamu aliyeniletea karatasi aliniambia ya kuwa damu za namna hiyo huwekwa kando mara nyingi. Nilimwuliza kama wagonjwa wenyewe huambiwa. Alicheka, akasema hakuna aliyepata kuuliza.

Vimelea vikiisha kutengwa, hufuata kazi ya kuvipanga katika makundi. Hapa hutumika sana programu STRUCTURE, iliyoelezwa mwaka 2000 na Jonathan Pritchard, Matthew Stephens na Peter Donnelly. Mtafiti huiambia: zipange damu hizi katika makundi matatu. Nayo hutafuta makundi matatu ambayo ndani ya kila moja herufi zinachanganyika kwa uhuru, na humpa kila mgonjwa sehemu yake: vimelea vya huyu ni thuluthi mbili za kundi la kwanza na thuluthi ya kundi la pili. Matokeo huchorwa kwa rangi, nayo hupendeza macho sana. Msomaji na aangalie neno *matatu*. Idadi hiyo imetoka kwa mtafiti. Programu ikiambiwa itafute matatu italeta matatu, na ikiambiwa manne italeta manne, hata kama damu zote zimetoka kijiji kimoja. Zipo njia za kupima ni idadi gani yaelekea zaidi, lakini hakuna hata moja iondoayo hiari ya mtu.

Nasi tulipata kufanya hivyo. Malcolm Guthrie alipozigawa lugha za Kibantu kwa herufi za kanda, Kibende na Kitongwe viliangukia kanda F, na Kipimbwe, Kirungwa na Kifipa vikaangukia kanda M, hata ukawa mpaka wa F na M wapita ndani ya mkoa ambao leo ni Katavi. Guthrie alizitumia herufi zile kwa kuonyesha mahali pamoja na kufanana, wala kila kanda si ukoo mmoja. Lakini ni wanafunzi wangapi ambao tumewasikia wakisema "lugha za F" kana kwamba F ni jina la babu?

Makundi ya namna hii ndiyo yaliyoitwa katika karatasi ile *makabila ya vimelea*. Namwelewa mfasiri, alitafuta neno linalojulikana na kila mtu. Lakini katika nchi ambayo kabila la mtu, na mahali alipotoka babaye, ni mambo yaliyowahi kuamua kama atapewa cheti au hatapewa, kusema ya kuwa damu yake ina vimelea vya kabila fulani si mfano wa kuelimisha. Nilijaribu *jamii*, nikaona limeshikwa na jamaa na undugu. Nikajaribu *idadi*, ambalo wataalamu wa takwimu hulitumia, likawa halina mwili. Mwishowe nililichagua neno *kundi*, ingawa ni neno la ng'ombe na mbuzi; labda kwa sababu hiyo hasa lafaa, kwa kuwa kundi hugawiwa na mchungaji.

Programu ya mwisho nitakayoieleza ndiyo muhimu kuliko zote kwa jambo ninalolitafuta. Ni hmmIBD, iliyotolewa mwaka 2018. Hii haihesabu herufi moja moja. Huyaweka maandishi ya vimelea viwili sambamba, ikatembea tangu mwanzo wa kromosomu hata mwisho, na kila hatua hujiuliza: je, hapa tumo ndani ya kipande ambacho hawa wawili wamekirithi kutoka kwa mzazi mmoja wa karibu, au tumo nje? Herufi moja isiyolingana haitoshi kuitoa ndani, maana yaweza kuwa ni kosa la kusoma. Wala herufi moja inayolingana haitoshi kuiingiza, maana herufi ni nne tu na kulingana kwa bahati ni rahisi. Hupima uwezekano, hatua kwa hatua. Mwishowe hutoa vipande na urefu wake. Kwa kuwa kila kizazi ndani ya mbu huyakata maandishi upya, kipande kirefu chaonyesha ya kuwa mzazi wa pamoja ni wa juzi juzi, na vipande vifupi ya kuwa ni wa zamani. Mhakiki wa hati za kale hufanya hivi hivi anapokuta katika hati mbili beti arobaini zilizofuatana bila tofauti, hata na makosa yale yale.

Njia hii ya kutazama ujirani wa herufi, na si herufi yenyewe tu, ndiyo iliyotufundisha historia ya usugu wa dawa katika Afrika Mashariki. Klorokwini ilianza kushindwa katika nchi zetu mwishoni mwa miaka ya 1970. Tanzania iliiacha mwaka 2001 ikaingia katika SP, na kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006 ikaingia katika dawa mseto iliyo na artemeta na lumefantrini. Watu walipochunguza ujirani wa jeni zilizohusika, walikuta ya kuwa vimelea vya Afrika vilivyoishinda klorokwini vilikuwa na ujirani ule ule wa vile vya Asia ya Kusini-Mashariki. Na mwaka 2004 Cally Roper na wenzake walionyesha jambo lile lile kwa jeni ya usugu wa hali ya juu dhidi ya pirimethamini, mojawapo ya dawa mbili zilizo ndani ya SP. Mara mbili, basi, usugu ulivuka bahari. Wengi wakatazamia mara ya tatu iwe vivyo hivyo.

Haikuwa. Mwaka 2014 ilijulikana ya kuwa nchini Kambodia usugu dhidi ya artemisini hufuatana na mabadiliko katika jeni iitwayo kelch13. Mwaka 2020 watafiti wa Rwanda na wenzao walitangaza ya kuwa badiliko moja la jeni hiyo, R561H, limeonekana Rwanda, na ujirani wake haukuwa wa Asia. (Jina R561H lasomeka kwa urahisi: mahali pa 561 katika protini, palipokuwa na kiungo kiitwacho ajinini pamekuwa na histidini.) Baadaye R561H iliripotiwa katika mkoa wa Kagera, zaidi Karagwe, na uchunguzi wa matibabu uliofanywa huko mwaka 2022 ulithibitisha ya kuwa vimelea hivyo huchelewa kutoweka katika damu. Dawa mseto bado iliwaponya wagonjwa walio wengi, maana ina dawa ya pili ndani yake. Lakini dawa ya pili ikibaki kufanya kazi peke yake, nayo itachoka.

Mwanaisimu atauona mfano wake papo hapo. Sauti *p* ya Kibantu cha kale imekuwa *h* katika Kirundi, na imekuwa *h* katika Kisukuma. Na lugha zote mbili husikika leo sokoni Mpanda. Mtu akiikuta *h* hiyo katika lugha mbili hawezi kusema mara moja kama moja imeipokea kutoka kwa nyingine, au zote zimeirithi, au kila moja imebadilika kwa njia yake. Hapana budi atazame maneno mazima na sauti nyingine zilizo jirani. Kwa R561H ya Rwanda jibu lilikuwa: imezuka huku huku Afrika.

Kutoka Karagwe hata Mpanda ni mwendo mrefu, lakini si mrefu kwa watu wenye jamaa, ng'ombe na biashara. Kwa hiyo watafiti walikuwa na haki ya kutaka kujua kama vimelea vya namna ile vimekwisha kufika. Katika karatasi yao sentensi iliyobeba shabaha nzima ya kazi iliandikwa hivi: "Uchunguzi huu utaonyesha vimelea sugu vimeletwa kutoka wapi."

Niliipitisha sentensi hiyo mara mbili bila kuigusa. Sarufi yake ni safi. Kisha tukaenda Katumba kuisoma karatasi kwa majaribio, chini ya mwembe, mbele ya watu wapatao ishirini. Muuguzi alisoma vizuri, polepole. Alipofika hapo, bibi mmoja aliyekuwa ameketi mbele, ambaye naamini alikuja nchini akiwa msichana, aliinua mkono.

"Vimeletwa na nani, mwanangu?"

Muuguzi alinitazama mimi. Nilisema, "Hilo hatulijui, bibi." Naye akasema kwa upole, "Basi mtakuja kulijua katika damu yetu." Hakuna aliyecheka. Ilitubidi kuahirisha usomaji.

Usiku ule nilijilaumu kama mwalimu wa sarufi. Kiswahili huruhusu kutendwa bila kumtaja mtenda, lakini humwachia nafasi wazi; *letwa* huita *na nani* kama vile mlango uliofunguliwa unavyoita mtu aingie. Bibi yule hakukosea kusikia. Sentensi yetu iliahidi mtenda, naye akamtafuta mtenda miongoni mwa waliokuwapo, akajikuta yeye na wanawe. Na sasa tuulize: je, programu yaweza kumtaja mtenda huyo? Hasha. Yote ambayo hmmIBD husema ni ya kuwa kimelea A na kimelea B vina vipande vya pamoja vya urefu kadha. Uhusiano huo hauna mbele wala nyuma: A kwa B ni sawasawa na B kwa A. Kiswahili kina umbo la kitenzi lililokatwa kwa kipimo hicho hasa, nalo ni umbo la kutendana. *Vinafanana. Vinashirikiana vipande. Vinahusiana.* Hakuna aliyetangulia.

*Vimetoka Rwanda* ni dai kubwa zaidi. Ili mtu alitamke yampasa awe na damu za kutosha kutoka pande zote mbili, zenye tarehe, na aonyeshe ya kuwa upande mmoja una aina nyingi na za zamani zaidi. Ikiwa damu nyingi zimekusanywa Katumba na chache Karema au Majimoto, basi aina mpya itaonekana kwanza Katumba kwa sababu ndiko ilikotafutwa. Wachoraji wa ramani za lahaja wajua jinsi mpaka wa sauti unavyopenda kuishia pale mtafiti alipoishiwa na petroli. Na *vimeletwa na fulani* ni dai ambalo hakuna jedwali la herufi liwezalo kulibeba. Kimelea husafiri katika damu ya mfanyabiashara, ya askari, ya mwanafunzi wa bweni, ya mchungaji, hata ya mhadhiri aliyepanda treni kwenda Mpanda.

Watafiti, nilipowaeleza haya, hawakupinga. Mmoja alisema ya kuwa katika Kiingereza chao neno la kuingizwa kutoka nje ni istilahi tu, halimshtaki mtu. Nakubali ya kuwa kwao imekuwa hivyo. Istilahi huchakaa hata ikapoteza makali. Lakini tafsiri huinoa tena, kwa sababu msikilizaji wa Kiswahili hulipokea neno likiwa bado ni neno.

Kuhusu *usugu*, walitaka nilibadili niweke *ukinzani*, ambalo laonekana la kitaalamu zaidi. Sikukubali. *Sugu* hulifahamu kila mtu, na tena lina ukweli ambao *ukinzani* hauna: sugu hufanyika kwa kusuguliwa mara kwa mara, na ndivyo dawa inavyofanya. Ila kwa R561H nilishauri *sugu* lisisimame peke yake, kwa kuwa mgonjwa aweza kudhani dawa mseto haifai kitu akaiacha nusu, na hilo ndilo jambo baya kuliko yote. *Vinavyochelewa kuondoka* ni maneno mawili marefu mahali pa moja fupi, lakini ndiyo yanayoonekana katika darubini siku ya tatu ya matibabu.

Sentensi iliyokubaliwa mwishowe ni hii: "Tutasoma herufi za vimelea vilivyomo katika damu, tuone vinafanana na vya wapi kwingine, na kama vimo vinavyochelewa kuondoka mtu anapomeza dawa mseto. Kipimo hiki hakiwezi kuonyesha nani alimwambukiza nani." Sehemu ya mwisho haikuwamo katika Kiingereza, ilibidi Kiingereza kirekebishwe kwa kufuata Kiswahili, jambo ambalo sikulitazamia.

Tuliisoma tena Katumba, pale pale. Bibi alikuwapo. Alisikiliza hata mwisho, kisha akauliza kama herufi hizo ni za Kirundi au za Kiswahili, na safari hii watu wakacheka, naye pamoja nao. Muuguzi akamjibu ya kuwa si za lugha yoyote. Alitoa kidole. Neno *herufi* nimeliacha kwa sasa, ijapokuwa naona lina tatizo lake, kwani herufi huandikwa, na kuandikwa nako ni kutendwa.